Gari la Kasi Lililozeeka: Namna ya Kulikagua Kabla Hujatoa Pesa

Swali ni lile lile kila wiki, kinachobadilika ni jina la gari tu. "Nimepata Subaru WRX ya 2004, bodi safi, ninunue?" Kesho yake mwingine anauliza hivyo hivyo kuhusu BMW M3, keshokutwa ni Mazda RX-8. Kisha zinakuja picha kumi, nane kati yake za rimu. Kwa picha siwezi kukujibu, na hata fundi wako hawezi. Rangi na rimu ndivyo vitu rahisi kuliko vyote kuvirekebisha kwenye gari la namna hii.

Kwa hiyo nimeandika yote hapa. Mwongozo unahusu gari la miaka kumi na tano, ishirini au zaidi, lililotengenezwa likimbie: lenye turbo, au injini inayozunguka juu sana, au vyote viwili. Usilipime kama gari la kawaida la umri huo. Gari la kawaida lililotunzwa vibaya huchoka polepole na kulalamika njia nzima. Hili huenda vizuri, linavuta vizuri, mpaka siku linaponoki, yaani injini inapogonga na kufa, na injini ya kubadilisha inaweza kukugharimu kuliko ulivyolinunua gari lenyewe. Unachokagua hasa ni mikono iliyolipitia.

Andaa hivi kabla hujaondoka

- Tochi yenye mwanga mkali na kioo kidogo cha mkononi, cha kutazama nyuma ya injini.
- Kitambaa cheupe cha kufutia dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Cheusi au cha rangi hakikuonyeshi kitu.
- Kipimo cha unene wa rangi. Ukikosa, sumaku ndogo iliyozungushiwa kitambaa laini isije ikakwaruza.
- Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kupitia soketi ya OBD. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu 1996 na Umoja wa Ulaya tangu 2001 yana soketi ya aina moja. Mengi ya Japani ya miaka ya 1990 yanataka kifaa chake maalumu, kwa hiyo uliza mapema.
- Fundi anayeijua injini ya aina hiyo. Fundi wako wa siku zote, hata awe hodari, kama hajawahi kufungua rotari (injini yenye rota badala ya pistoni) au boksa (injini ambayo silinda zake zimelala pande mbili) usimbebeshe kazi hii.
- Muda wa kutosha, kama masaa matatu, wakati wa mchana na mahali pakavu. Gari lililoloa maji hung'aa lote, hata pale lilipopigwa puti, ile ya kuziba mabonde ya bodi.
- Akiba. Kanuni yangu mimi: nikishalilipia, robo ya bei yake iwe bado imebaki mfukoni. Kama pesa yote inaishia kwenye kununua, gari hilo hulimudu, tafuta la daraja la chini.

Hatua ya 1: Lijue gonjwa lake kabla ya kuliona

Kila injini ya mbio ina ugonjwa wake unaojulikana. Ukienda bila kuujua utakagua vitu ishirini vizima na kukiacha kimoja kibovu. Hii ni mifano ya yale yanayoulizwa sana.

Subaru za turbo zenye injini ya EJ ya lita 2.5: pistoni hupasuka kwenye kingo zinazoshika ringi, hasa gari likiwa limetyuniwa (limebadilishwa mipangilio ya kompyuta ili liongeze nguvu) hovyo au kutiwa mafuta hafifu. Kipimo cha kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda, hapa hakina mjadala.

BMW M3 ya E46 (injini S54, 2000 hadi 2006): metali za konrodi, yaani zile beringi bapa zinazoshika krenki, na mfumo wa VANOS, unaobadilisha muda wa vali kufunguka. Kubwa zaidi lipo nyuma chini: sakafu ya bodi hupasuka pale inapofungwa fremu ya ekseli. M3 iliyofuata yenye V8 (S65) na M5 ya V10 (S85) nazo zina historia ya metali za konrodi. Kwa hizi, risiti ya metali zilizokwisha kubadilishwa ina thamani kuliko kilomita chache.

Porsche 911 ya 996 na Boxster 986: beringi ya shafti ya kati, maarufu kama IMS, na kuta za silinda kuchubuka. Injini za 911 Turbo na GT3 za kizazi hicho ni za ukoo mwingine, hazina beringi hiyo. Kuanzia modeli za 2009, injini mpya za 911 na Boxster hazina shafti hiyo kabisa.

Mazda RX-8: kompresheni ya rotari. Hapa kipimo cha kawaida hakifai, kwa sababu kila rota ina pande tatu na kila upande unatakiwa kusomwa peke yake. Kiwango cha chini cha Mazda ni 680 kPa injini ikizungushwa na stata mizunguko 250 kwa dakika. Rotari kula oili kidogo ni kawaida, imeundwa ichome oili ili kulainisha sili zake. Mmiliki anayekuambia "hili halili oili hata tone" ama hajui gari lake, ama pampu ya oili hiyo imekufa.

Golf GTI ya kizazi cha tano na ndugu zake wa Audi wenye 2.0 TFSI ya belti (EA113): kile kikombe kidogo kinachosukuma pampu ya mafuta ya presha kubwa huliwa, na kikitoboka kinaharibu kamshafti. Kukifungua na kukitazama ni kazi ya muda mfupi. Injini ya cheni iliyofuata, EA888 za mwanzo, ugonjwa wake ni kikaza cheni. Kikiachia, vali hukutana na pistoni.

Mitsubishi Lancer Evolution: taiming belti ya injini ya 4G63 (Evo I hadi IX) ibadilishwe karibu kila kilomita 100,000, pamoja na ile belti ndogo ya shafti za mizani ambayo wengi huisahau. Kwenye Evo X, ulizia pampu ya AYC (mfumo unaogawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma), ambayo hushika kutu.

Honda S2000: injini ya lita 2.0 inayofika mizunguko 9,000 kwenye toleo la kwanza, na imara kuliko watu wanavyodhani. Sikiliza kikaza cheni kinacholia karikari, na jaribu gia ya pili.

Gari lako halimo humu? Tafuta wamiliki watatu wa modeli hiyo, uwaulize swali moja: kilichowagharimu zaidi ni nini. Majibu yao yakifanana, umelijua gonjwa.

Hatua ya 2: Piga simu, halafu sema neno moja muhimu

Uliza amelimiliki muda gani, belti au cheni ilibadilishwa lini, oili gani linatumia na kila baada ya kilomita ngapi, limebadilishwa nini kutoka kiwandani, na kwa nini analiuza. Mmiliki mzuri wa gari la kasi ni mtu wa kuongea sana. Atakutajia namba ya oili kabla hujamaliza kuuliza. Anayejibu kila kitu kwa "lipo vizuri tu" andika pembeni.

Kisha mwambie: "Naomba usiliwashe kabla sijafika." Rudia. Mimi nilipuuza hili kwenye gari langu la kwanza la turbo. Nilifika nikakuta boneti ina joto, mwenyewe akaniambia alikuwa ametoka kuweka mafuta. Nikaona ni uungwana. Wiki mbili baadaye, asubuhi ya kwanza ya baridi, pistoni zikagonga kama mtu anabisha hodi, na moshi wa bluu ukajaa uwanja mzima. Injini ya moto huficha karibu kila kitu.

Hatua ya 3: Karatasi

Linganisha namba ya chasisi kwenye kadi, kwenye kibati, na ile iliyochongwa kwenye bodi yenyewe. Magari ya masoko mengi tangu 1981 yana namba ya tarakimu na herufi 17. Ya soko la ndani la Japani yana namba fupi inayoanza na kodi (msimbo) ya modeli, kama JZA80 kwa Supra au BNR34 kwa Skyline GT-R. Kodi hiyo ikulinde: kuna magari mengi ya kawaida yaliyovikwa bampa na nembo za kaka zao wakubwa. Namba ya injini nayo isome, uone kama ni ya familia inayotakiwa.

Risiti zitazame kwa tarehe na kilomita. Unatafuta mfululizo, kilomita zinazopanda na oili inayobadilishwa bila kuruka. Pengo la miaka mitatu lina maelezo yake, yaulize. Kilomita kwenye dashibodi zilinganishe na usukani, pedali na kiti cha dereva. Pedali ya klachi iliyolika mpaka chuma kwenye gari la "kilomita 60,000" imekwisha kukujibu.

Wala usizipende mno kilomita chache. Gari la kasi lililolala miaka sita gereji lina sili zilizokauka, mafuta yaliyooza tangini na matairi magumu. Kati ya hilo na lenye kilomita 180,000 na faili nene, mimi nachukua la pili.

Hatua ya 4: Bodi

Zunguka na kipimo cha rangi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya mikroni 80 na 180. Paneli ikisoma 300, imepakwa upya. Ikisoma 1,000, chini yake kuna puti. Kupakwa upya peke yake si dhambi, bampa na milango hukwaruzwa. Wasiwasi uanze ukikuta puti kwenye nguzo, paa, au karibu na kona.

Fungua boneti utazame boliti za madigadi: rangi iliyokatika kwenye vichwa vyake inaonyesha zimefunguliwa. Tazama reli mbili za chasisi mbele kama zina mikunjo au welding mpya. Inua kapeti la buti, angalia kisima cha tairi la akiba. Kutu itafute mahali pake halisi: chini ya milango, matao ya nyuma, na vichwa vya shokapu. Skyline za R33 na R34 zinajulikana kwa kutu ya hapo juu mbele, na hiyo si kazi ya msasa na rangi.

Matairi soma tarehe. Tarakimu nne za mwisho za kodi ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka: 2315 ni wiki ya 23 ya 2015. Manne yafanane, hasa kwenye gari la kuvuta miguu yote. Subaru wanataka tofauti ya mzingo wa matairi isizidi milimita 6 hivi. Yakitofautiana sana, difu ya kati hufanya kazi bila kupumzika na kufa mapema. Tena, aliyevalisha gari la kasi matairi manne ya rahisi ya chapa nne tofauti alibana na oili pia.

Hatua ya 5: Injini, ikiwa baridi

Weka kiganja juu ya kifuniko cha injini. Ina joto? Rudi kesho. Au acha.

Vuta dipstiki, futa kwa kitambaa cheupe, rudisha, vuta tena. Kiwango kwanza, kisha rangi. Nyeusi ni sawa, nzito kama lami si sawa, na vumbi la kung'aa kama dhahabu au fedha linakuambia metali zinaliwa: funga boneti, aga vizuri. Ikinuka petroli, injini inamwaga mafuta kwenye silinda. Oili mpya kabisa, safi kama asali, kwenye gari chafu pande zote nayo inanipa mashaka. Mara nyingine huwekwa nzito makusudi kunyamazisha kelele.

Fungua kifuniko cha oili. Utando wa rangi ya maziwa unaweza kuwa unyevu tu wa safari fupi, lakini ukiukuta na maji ya rejeta yamepungua, fikiria gasketi ya silinda hedi. Fungua tangi la maji likiwa baridi, ukiwa na uhakika ni baridi. Maji yawe safi na yenye rangi ya kulanti, ile dawa ya kupozea injini. Kutu ya kahawia inasema wanajazia maji ya bomba. Oili inayoelea juu haina maelezo mazuri.

Kwa turbo, kama paipu ya hewa inafunguka kirahisi na mwenyewe ameruhusu, shika shafti kwa vidole. Kucheza kidogo sana pembeni ni kawaida. Kwenda mbele na nyuma kwa kiasi cha kusikika, au pangaboi kugusa ganda, turbo imekwisha. Utando wa oili ndani ya paipu ni kawaida, dimbwi si kawaida.

Sasa tazama kilichoongezwa. Hapa ndipo magari mengi ya kasi yanapokufa, na mimi ni mkali: gari la asili nalilipia zaidi. Ekzosi na shokapu nzuri hazinitishi. Kinachonitisha ni kompyuta iliyotyuniwa na mtu asiyejulikana, turbo kubwa juu ya pampu ya mafuta ya zamani, waya zilizounganishwa kwa tepu, valvu ya presha ya turbo ya kugeuza kwa mkono. Uliza nani alityuni, lini, na karatasi ya dinamomita, mashine ya kupimia nguvu ya injini, iko wapi. Vitu vya asili navyo viko wapi? Ukikuta tundu za geji zilizong'olewa kwenye dashibodi, ujue gari lilirudishwa "asili" ili liuzwe, na maisha yake halisi hukuyaona.

Hatua ya 6: Liwashe wewe, mwenzako asimame nyuma

Funguo kwenye ON kwanza. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, kuna aliyeing'oa au kuifunika.

Washa. Mwenzako atazame moshi wa sekunde za mwanzo, wewe sikiliza. Tiki nyepesi inayonyamaza ndani ya sekunde chache kwenye injini ya zamani inavumilika. Mlio mzito kutoka chini unaofuata mizunguko ni konrodi. Mkwaruzo wa cheni unaoendelea ni kikaza. Boksa za Subaru hugonga pistoni zikiwa baridi, baadhi yake kwa miaka. Mgongo huo ukipotea injini ikipata moto, unajadilika. Usipopotea, achana nalo.

Acha ipumue yenyewe dakika kumi bila kukanyaga mafuta. Tazama geji ya joto ikipanda na kutulia, feni iwake na kuzima. Washa eyakondishena, taa, vioo, kila swichi. Muuzaji akianza kulikanyaga moto likiwa bado baridi ili akuonyeshe mlio, umepata taarifa muhimu kuliko zote za siku hiyo: ndivyo linavyoendeshwa kila asubuhi.

Hatua ya 7: Soma kompyuta

Kodi za makosa soma, lakini usiishie hapo. Nenda kwenye orodha ya majaribio ya ndani ambayo gari hujifanyia. Kama mengi yanaonyesha hayajakamilika, kumbukumbu ilifutwa karibuni, labda asubuhi ile ile, au betri ilikatwa. Muulize, kisha soma tena baada ya kuendesha.

Hatua ya 8: Barabarani

Nusu saa, siyo kuzunguka mtaa. Anza taratibu, oili huchelewa kupata moto kuliko maji, hivyo geji ya maji ikifika katikati ongeza dakika kumi ndipo udai nguvu.

Klachi: gia ya nne, mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikiruka bila gari kuongeza mwendo, klachi inateleza.

Gia: badilisha kwa haraka kutoka ya pili kwenda ya tatu, kisha rudi. Zikikwaruza, sinkronaiza (vipande vinavyolainisha kuingia kwa gia) zimelika. Gia ikijirudisha yenyewe ukiachia mafuta, boksi lina kazi kubwa.

Injini: vuta gia ya tatu mpaka karibu na mstari mwekundu mara moja, mahali panaporuhusu. Nguvu ipande bila kukatika. Kisha achia mafuta gari lishuke kwa gia, halafu kanyaga tena ukitazama kioo cha nyuma. Moshi wa bluu wakati huo huelekeza kwenye sili za vali au turbo. Moshi wa bluu wakati wa kuvuta ni ringi.

Breki na chasisi: achia usukani kidogo barabara ikiwa tupu na tambarare, kisha funga breki kwa nguvu. Lisivute upande. Mtetemo kwenye usukani ni diski. Kwenye uwanja mpana kata kona kali mpaka mwisho, pole pole, kulia na kushoto. Gari la miguu yote likijifunga na kurukaruka, difu ya kati ina tatizo.

Mvumo unaoongezeka na mwendo ni beringi ya gurudumu au difu. Ukibadilika unapopinda, ni beringi. Ukibadilika unapokanyaga na kuachia mafuta, ni difu.

Hatua ya 9: Likiwa la moto, nenda chini yake

Lizime, ngoja dakika kumi, liwashe tena. Rotari iliyochoka hujitaja hapa: inawaka vizuri ikiwa baridi, ikiwa ya moto inazunguka na kuzunguka bila kuwaka.

Linyanyue kwenye lifti au kwa jeki na stendi. Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata kwa sekunde ya kutupia jicho. Tafuta oili mbichi, bushi zilizochanika, buti za driveshafti zilizopasuka, shokapu zilizolowa. Jasho kavu la oili kwenye injini ya miaka ishirini halinikoseshi usingizi. Sehemu ya chini iliyooshwa ikameta, ndiyo hunikosesha.

Hatua ya 10: Vipimo vya kulipia

Ukiwa bado unalitaka, lipeleke kwa fundi uliyemchagua wewe. Kompresheni ipimwe injini ikiwa ya moto, plagi zote zikiwa nje, betri ikiwa na nguvu, mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Namba yenyewe hutofautiana na injini. Unachotafuta ni silinda kufanana, tofauti isizidi asilimia 10, ikizidi sana 15. Silinda ikiwa dhaifu, tia kijiko cha oili upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni vali au gasketi.

Kipimo cha uvujaji kwa hewa ni kizuri zaidi, kwa sababu kinakuonyesha hewa inatokea wapi. Ikisikika kwenye mdomo wa oili, ringi. Kwenye ekzosi, vali ya kutolea moshi. Mapovu kwenye rejeta, gasketi. Plagi zilizotolewa zipange kwa mpangilio wa silinda na uzitazame. Moja iliyo tofauti na wenzake inakuonyesha pa kuanzia.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kwenda peke yako. Ukishausikia mlio wa ekzosi, masikio ya kununua yanazibuka na ya kukagua yanaziba. Chukua mtu asiyelitaka hilo gari.

Kukubali "ni sensa tu". Kama ni sensa tu, kwa nini hajaibadilisha kabla ya kuuza?

Kununua lililokufa kidogo kwa matumaini ya kulifufua. Kwa gari la kwanza, hapana.

Kutoa amana kabla ya vipimo "ili wasikuwahi". Acha wakuwahi.

Ukiona hivi, anza kufikiri hivi

Moshi mweupe unaodumu injini ikiwa ya moto, wenye harufu tamu: maji yanaingia silinda. Mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea ni unyevu tu.

Moshi mweusi: mafuta mengi, kuanzia sensa ya hewa na injekta hadi tyuni mbaya.

Linamisi (injini inakatakata) ukivuta kwa nguvu, lakini kwenye silensa, yaani likiwaka bila kukanyagwa mafuta, liko sawa: plagi au koili mara nyingi, na hapo ni kazi ndogo. Likimisi silinda ile ile hata ukihamisha koili, pima kompresheni.

Turbo inachelewa na kuna mlio wa hewa: paipu ya intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyopasuka au klempu iliyolegea. Hili ni la kushukia bei, si la kukimbia.

Geji ya joto inapanda ukiwa kwenye foleni, inashuka ukikimbia: feni au rejeta. Inapanda ukikimbia: themostati, pampu ya maji, au gasketi. Fundi apime maji kwa ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya moshi.

Taa ya oili inamulika injini ya moto ikiwa silensa: zima pale pale. Usiendeshe hata kurudi kwa mwenyewe.

Muuzaji anakataa kuwasha baridi, kompresheni, au fundi wako: hiyo nayo ni dalili, na dawa yake ni kuondoka.

Ukishalinunua

Wiki ya kwanza usilivute kwa nguvu. Badilisha oili na filta, maji, oili ya giaboksi na difu, mafuta ya breki, na plagi. Kama hakuna risiti ya taiming belti, hesabu haijabadilishwa: weka mpya pamoja na kikaza na pampu ya maji. Oili ya zamani mwage kwenye chombo safi na upasue filta yake uitandaze kwenye karatasi nyeupe. Kisha angalia dipstiki kila unapojaza mafuta, na andika kilomita. Ukifika elfu moja utajua linakula oili kiasi gani.